Barua Aliyoificha Wifi

Wiki iliyopita niliwaacha mbele ya droo ya wifi, nimeshika bahasha yenye jina langu, imeshachanwa, na ndani yake barua niliyoambiwa haijafika.

Kwa aliyeingia leo, nirudi nyuma hatua chache tu.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Msimamizi wetu ni dada wa mume wangu. Anatembea na filimbi shingoni. Akiipuliza mara moja, mapumziko yameisha. Mara mbili, kuna mtu amekaa chooni kupita kiasi. Wanawake wanamwita Filimbi akiwa hayupo. Mimi wananiita Wifi wa Filimbi hata nikiwepo.

Mwaka juzi gari la kliniki lilikuja kiwandani kutupiga picha za matiti. Ambaye picha yake ingeonekana na walakini angeitwa kwa barua, na barua zote zilipitia ofisini kwa wifi. Nilipomuuliza yangu, alinijibu, "Haijafika. Kimya maana yake uko salama." Nikamshukuru Mungu, nikaendelea kukunja mashuka.

Miezi minane baadaye, nikiwa naoga, vidole vyangu vikakuta kitu kigumu kama punje ya harage chini ya ngozi. Hakikuuma. Hilo ndilo lililonidanganya wiki mbili zaidi, maana nilidhani ugonjwa wa kuua lazima uume. Nilipofika hospitali ulikuwa umeshahamia kwapani. Nimekatwa titi la kushoto, nimetundikiwa dripu sita za dawa, nimepoteza nywele na kucha. Halafu daktari akaniuliza swali ambalo lilinitafuna kuliko dawa: "Mama, tulikuita mapema. Kwa nini hukuja?"

Jibu lilikuwa ndani ya droo ile.

Wifi aliingia akanikuta nalo mkononi. Hakushtuka. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Umepekua meza yangu?"

"Ulinizika mzima, wifi."

"Punguza sauti."

"Uliifungua. Uliisoma. Ukanitazama machoni ukaniambia niko salama."

Alikaa kwenye kiti chake, akaanza kuichezea kamba ya filimbi.

"Ilikuwa wiki ya hoteli tatu kwa mpigo," akasema. "Wawili wagonjwa, mmoja amejifungua. Ukiondoka na wewe, nani atasimama kwenye mashine ya kunyoosha? Nikasema nitakupa wiki inayofuata. Wiki inayofuata nikaona haya, nimeshachelewa. Ukapita mwezi. Sasa ningekuambia nini?"

"Ukaona afadhali nife kuliko wewe uone haya."

"Acha kukuza mambo. Mbona uko hai?"

Mbona uko hai. Niliondoka pale bila kujibu, kwa sababu kama ningefungua mdomo ningemng'ata.

Jioni nilimweleza mume wangu. Nilimwekea barua mapajani. Aliisoma polepole, akaikunja, akanirudishia kama risiti ya duka.

"Ni kosa," akasema. "Lakini yamepita, mama. Yule ni dada yangu. Unataka nimpige?"

"Nataka ukasirike."

"Ukilitangaza hili kiwandani watamfukuza. Ana watoto watatu. Niahidi hutalisema."

"Na mimi nina nini?"

"Una mimi," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nilimwahidi. Nimesema nitakuwa mkweli katika masimulizi haya, basi nisikieni vizuri: tangu siku ile niliacha kuomba nipone. Nilianza kuomba nimwone wifi akilia.

*

Mkono wangu wa kushoto huvimba nikibeba kitu kizito, kwa sababu kwapani walitoa tezi. Bosi alinihamishia mapokezi. Nikawa mtu wa kupokea simu, kuandikisha wageni, na kugawa barua.

Ndiyo. Kugawa barua. Lakini sikuwa nimefikiria hilo bado. Mwanzoni nilitaka kumwaibisha tu.

Nilimpigia nesi wa kliniki, yule mama mwembamba aliyenishika kichwa nilipokuwa natapika dawa. Nikamwomba gari lirudi kiwandani kwetu. Akafurahi mno. Bosi naye akakubali, maana alishaona nilivyorudi nimekonda kama ufagio.

Siku ilipofika niliomba kusema maneno mawili. Nikapanda juu ya meza ya kukunjia. Mashine zikazimwa. Nikaingiza mkono kwenye blauzi, nikatoa kitambaa nilichokishona na kukijaza pamba, nikakiinua juu wote wakione.

"Hili ndilo titi langu siku hizi," nikasema.

Wapo waliocheka, kisha wakaona sitanii.

Niliwaambia wasisubiri maumivu. Kila mmoja ayajue matiti yake kama anavyoijua sura yake: ajitazame kwenye kioo, ajipapase akioga. Akiona uvimbe, ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani au inatoa maji, kwapa limejaa, asimuulize jirani. Aende. Na hata asipoona kitu, umri ukifika akapigwe picha, kwa sababu picha huona kabla ya kidole.

"Kidole changu kilichelewa," nikasema. Wakalia, mpaka mpiga pasi mzee ambaye hajawahi kumlilia mtu.

Nilipoona wamelainika, nikamgeukia wifi.

"Na wa kwanza kupimwa atakuwa msimamizi wetu. Mnajua anavyotujali. Si ndiyo, wifi?"

Wakapiga makofi na vigelegele. Wifi akabadilika rangi.

Hapa kuna jambo ambalo wale wanawake hawakulijua, lakini mimi nililijua. Mama mkwe wangu, yaani mama yake wifi, alikufa kwa saratani ya titi. Alipelekwa hospitali kidonda kikiwa kimeshatoboka. Tangu hapo wifi huamini kwamba kisu cha daktari ndicho kilichomuua mama yake. Mara ya kwanza gari lilipokuja alijifanya ana simu nyingi. Nesi alinieleza kwamba mtu ambaye mama yake aliugua ndiye anayepaswa kupimwa kabla ya wengine. Wifi alikuwa akiogopa kufa, na mimi nilijua.

Ndiyo maana nilimchagua yeye.

Alipanda ngazi za lile gari kama mtu anayepanda kizimbani. Nesi alipomuuliza namba ya simu, akasema, "Andika ya ofisi. Yangu haikai na chaji."

Ya ofisi ninapokea mimi.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, yamefungwa kwa mpira. Waliokuwa salama walipata bahasha nyembamba, karatasi moja. Bahasha nene ilikuwa moja tu.

Ilikuwa na jina la wifi.

Kiwanda chetu ni mvuke mtupu. Niliipitisha juu ya pasi ya mvuke mara mbili, gundi ikaachia yenyewe bila kuchanika. Nikasoma. Titi la kulia. Picha ya ziada inahitajika, na pengine sampuli ya sindano. Kuitwa tena si kuambiwa una saratani, walisema. Wengi wanaoitwa hukutwa wazima. Lakini usikose tarehe hii. Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi.

Nilizigawa zile nyembamba zote kwa mkono wangu. Wanawake wakanikumbatia, mmoja akacheza katikati ya makapu. Ile nene niliikunja mara nne, nikaisukuma chini ya kitambaa changu cha pamba, pale palipokuwa na titi.

Ikatulia pale. Nikavuta pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Sitawadanganya kwamba nilijuta. Nilikula vizuri siku zile kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mume wangu akasema, "Naona umechangamka." Nikamjibu, "Dawa zimeanza kufanya kazi."

Siku ya tatu wifi alikuja mapokezi. Akajifanya anatafuta kalamu.

"Wifi. Yangu haijafika?"

"Haijafika."

"Wenzangu wote wamepata."

"Labda posta."

Akaegemea meza. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kope zake zinatetemeka kama za kaka yake, mume wangu, akiwa anadanganya.

"Kimya maana yake nini?" akauliza.

Jamani. Hata kama ningemwandikia maneno ya kusema, asingeyasema vizuri hivyo.

"Maana yake uko salama, wifi yangu. Si wewe uliyenifundisha?"

Alinitazama kidogo, akitafuta sumu kwenye uso wangu. Hakuiona. Nilikuwa nimetabasamu kama bibi harusi. Akashusha mabega, akacheka, akaondoka akiipuliza filimbi ovyo.

Kesho yake alirudi na kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa, kipya, laini, rangi ya zambarau.

"Nywele zako bado hazijakaa sawa," akasema, macho kwenye sakafu. "Nilikukosea, wifi. Mimi mambo ya kuomba radhi siyawezi, unanijua. Silali vizuri tangu siku ile. Kipokee."

Nilikipokea. Nikakivaa siku iliyofuata, nikasifiwa na kila mtu.

Barua sikuitoa.

Alhamisi ikafika. Saa nne asubuhi, wakati alipotakiwa kuwa mbele ya daktari, wifi alikuwa anamfokea mtu kwa doa la kahawa kwenye foronya. Nilitoka mapokezi makusudi nikasimama mlangoni kumtazama. Furaha ilikuja, sikatai. Ilikaa kama dakika kumi. Halafu nikaanza kuhesabu, bila kutaka, wiki nilizopoteza mimi, na nikaona kwamba yake ya kwanza ndiyo inaanza.

Nikajiambia, ngoja aonje kidogo tu. Nitampa Ijumaa.

Ijumaa nikasema Jumatatu.

*

Jumatatu, saa sita na nusu hivi, simu ikalia. Nesi.

"Mwanangu, msimamizi wenu hakuja Alhamisi. Barua hakuipata?"

Nikakibana kitambaa changu cha pamba kwa kiwiko.

"Sijui," nikasema.

"Sikiliza. Daktari anayechukua sampuli anasafiri leo. Akirudi ni baada ya wiki sita. Nimembembeleza atamsubiri mpaka saa nane mchana. Mlete. Kilichoonekana ni kidogo mno, kama chembe ya mchele. Kama ni kibaya, kikiwa kidogo hivyo mara nyingi mtu hata titi hapotezi. Tukikiacha, wewe mwenyewe unajua, sina haja ya kukueleza."

"Nimesikia."

"Na Mungu akubariki," akasema. "Bila wewe kutuita, kisingeonekana. Umemwokoa wifi yako."

Akakata simu. Nilibaki nimeshika ule mkono wa simu unalia tuu, tuu, tuu.

Niliingia kiwandani. Wifi alikuwa mwisho wa meza ya kukunjia, anamwonyesha msichana mgeni jinsi ya kulinganisha kona za shuka. Niliingiza mkono kifuani, nikatoa barua, bado ina joto la mwili wangu, nikampa.

Alisoma mara moja. Kisha akasoma tarehe tu, mara ya pili.

"Imefika lini?"

"Siku ya kumi na mbili leo."

"Ilikuwa wapi?"

Aliangalia mkono wangu ulikotoka. Akaelewa.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea kilio, kile nilichokiombea. Wifi aliiweka barua mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, akarudi kwenye shuka lake.

"Twende," nikamwambia. "Daktari anasubiri mpaka saa nane. Ni kidogo sana, wifi, kama chembe ya mchele. Twende sasa hivi."

"Siendi."

"Nini?"

"Ulitaka niumie. Nakusaidia." Akapiga shuka kukunjua pembe. "Nitakaa na chembe yangu mpaka iwe harage, iwe yai. Siku nikilazwa pale alipolazwa mama, nitamwambia kaka yangu ni nani aliyeikalia barua. Utaishi naye vizuri baada ya hapo."

"Wifi, usifanye hivyo. Nichukie, lakini twende."

"Mbona umeshikwa na huruma leo?"

Nilipiga magoti. Sakafu ilikuwa na maji ya sabuni, yakanilowesha mpaka mapajani. Msichana mgeni akarudi nyuma, hajui pa kutazama. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, na hospitali ni nusu saa kwa gari.

Wifi alinitazama nikiwa chini. Alitazama kwa muda, kama anayepima nguo kama itamkaa.

"Panda mezani," akasema.

"Wifi..."

"Pale pale ulipopanda ukaniinamisha kichwa mbele ya watu. Panda, uwaambie ulichonifanyia. Ukimaliza, nachukua mkoba wangu."

Alipuliza filimbi. Mara tatu. Haikuwahi kulia mara tatu kiwandani kwetu, kwa hiyo mashine zilizima moja baada ya nyingine, mpaka tukasikia maji yakidondoka kwenye mabomba. Wanawake wakasogea. Wengine walikuwa tayari wanatabasamu, wakidhani nina habari nyingine njema.

Nilipanda. Magoti yalikuwa yanachuruzika.

"Mwezi huu," nikasema, "barua ya msimamizi wetu ilikuja. Anaitwa hospitali. Niliificha. Siku kumi na mbili nimeificha humu kifuani, huku ninamwona anavyoogopa."

Yule mzee wa pasi alifumba macho. Aliyekuwa amecheza katikati ya makapu alitema mate pembeni.

Wifi akaitikia kwa kichwa, ametosheka, akaanza kuvaa mkoba begani.

Ningeshuka hapo. Alichoniomba nilishakitoa. Lakini nilimwona amesimama vile, msafi, aliyeonewa, na mimi juu ya meza kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi, na ile ahadi niliyompa mume wangu ikanitoka mikononi kama sahani yenye sabuni.

"Na nilifanya hivyo," nikaendelea, "kwa sababu mwaka juzi yeye aliificha yangu. Niliitwa mapema. Aliifungua, akaisoma, akaitia kwenye droo kwa sababu kulikuwa na mashuka mengi. Akaniambia kimya maana yake niko salama. Titi langu lilikwenda hivyo."

Mkoba wa wifi ulishuka kutoka begani mpaka kiwikoni.

"Hukuambiwa useme hayo," akanong'ona.

"Uliniambia niseme. Nimesema yote."

Mngeona nyuso zile. Walikuwa wananitazama mimi, sasa wakageuka kama shuka linalogeuzwa kwenye mashine, wote kwa pamoja. Nilisikia ile furaha ikirudi, tamu, moto, na safari hii nilidhani itakaa.

"Tuondoke," wifi akasema haraka. "Umesema tunachelewa. Twende."

Nikashuka. Nikamshika mkono. Tulikuwa tumeshafika kwenye mlango wa chuma sauti ilipotuita nyuma.

"Filimbi."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo usoni pake. Tukageuka wote wawili. Alikuwa mama wa kitengo cha taulo, mama wa watoto pacha wachanga, mtu wa maneno machache ambaye hata kwenye mgomo wa mwaka jana hakufungua mdomo. Alikuwa bado ameshika taulo.

"Mwaka juzi nilipimwa na huyu siku moja," akasema, akininyooshea kidole. "Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Na mimi nilikuuliza. Na mimi uliniambia kimya maana yake niko salama."

Wifi akarudi nyuma hatua moja.

"Yangu iko wapi?"

"Wifi, mjibu," nikamwambia.

Alitafuta kitu cha kushika, akakosa, akaketi juu ya kapu la mashuka machafu na mkoba wake mapajani. Filimbi ilimgonga kifuani. Alianza kulia, kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni, kilio chote nilichokuwa nimekiomba kwa miezi, na mimi sikuwa na nafasi ya kukisikiliza.

Kwa sababu yule mama wa mapacha alikuwa ameweka taulo chini na anakuja kwangu. Hakumtazama wifi tena. Alikuwa anafungua vifungo vya gauni lake la kazi, kimoja baada ya kingine, mbele ya kiwanda kizima, bila haya.

"Nilifikiri ni maziwa," akaniambia. "Kila mtu ameniambia ni maziwa. Wewe unakijua. Gusa hapa, uniambie."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka.

Nikagusa.